Kiapo cha Gia ya Pili

Igsaan Davids alikuja na wazee wake kumposa Rugaya, na mambo yakaenda vizuri mpaka wageni waliposindikizwa nje. Ndani, mjomba wa Igsaan alikuwa ameshasema maneno yake, Sedick, baba yake Rugaya, amejibu yake, mkewe Moeniba amezungusha sinia la sambusa mara tatu, na tarehe imekubaliwa: Jumamosi ya pili baada ya Idi. Kilichobaki kilikuwa kuagana tu. Lakini gari la Igsaan lilikuwa limeegeshwa mbele ya geti, la kijivu, chini-chini, tairi pana, ekzosi nne, na Sedick hakuwa mtu wa kupita kando ya gari la namna hiyo bila kuchungulia.

Aliweka viganja kwenye kioo kuzuia mwanga. Akahesabu pedali. Akahesabu tena.

"Ya tatu iko wapi?"

"Haipo, Boeta," alisema Igsaan. Mtaa mzima wa Athlone ulimwita Sedick hivyo, Boeta, kwa heshima ya kaka mkubwa. "Hili ni otomatiki."

"Gari lenye nguvu zote hizi?"

"Linabadilisha gia kabla Boeta hajapepesa jicho."

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

"Naendesha."

"Unaendeshwa."

Wajomba wa pande zote mbili wakacheka. Igsaan angecheka nao, yangeishia hapo. Lakini alikuwa mfamasia wa miaka ishirini na minane, amevaa viatu vipya, na mchumba wake alikuwa anamtazama kutoka barazani.

"Boeta, usiudhike," alisema, "lakini gia za mkono siku hizi ni kama simu ya kuzungusha namba. Inapendeza ikiwa juu ya kabati."

Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma kama kawaida ya Cape Town mwezi ule, na kitu pekee kilichosikika ni bati la jirani likigonga. Rugaya alimwona mama yake akifumba macho.

"Wallahi," alisema Sedick, polepole, kama anayesoma tangazo, "sitaushika mkono wako msikitini kukuozesha binti yangu mpaka umeendesha gari langu. Mzunguko mmoja wa uwanja wa mbio. Mbele yangu. Lisizimike, na gia isikwaruze."

Kila mtu pale alijua kwamba kiapo kina kafara yake, kulisha maskini au kufunga, kwa anayetaka kujitoa, na imamu alimkumbusha Sedick jambo hilo kesho yake baada ya sala. Sedick akamjibu kwamba kafara anaijua vizuri sana. "Mimi sitaki kutoka kwenye kiapo, imamu. Nataka yeye aingie kwenye gari."

Ikawa hivyo. Igsaan akishindwa, hakuna ndoa, na ukumbi wa Jumamosi ya pili baada ya Idi ungekuwa na harusi ya watu wengine.

Sedick alikuwa amefundisha udereva kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Nusu ya Athlone ilipita mikononi mwake. Nusu nyingine, alisema, ndiyo inayogonga kuta. Mtu anayefanya mtihani kwa otomatiki, leseni yake huwekewa alama ya kumkataza gari lenye klachi, na Sedick aliitazama alama hiyo kama daktari anavyotazama ukurutu. Alipostaafu alinunua gari moja tu, jekundu, la Kijerumani, la mwisho wa aina yake kuuzwa na gia za mkono. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliendesha. Moeniba aliomba mara moja, kwenda kununua maziwa. Sedick akaenda kwa miguu akayaleta mwenyewe.

Juu ya yote hayo, binti yake aliandika programu za giaboksi za otomatiki. Timu za mbio zilimlipa Rugaya ili magari yao yabadilishe gia upesi kuliko mkono wa mwanadamu yeyote, na alikuwa hodari. Sedick aliwaambia watu kwamba Rugaya anafanya kazi ya kompyuta.

"Ukweli ni upi?" Igsaan alimuuliza Rugaya siku ya kwanza ya mazoezi. Walikuwa kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, ndani ya gari dogo kuukuu la binamu wa Igsaan, maana barabarani leseni ya Igsaan, yenye alama ile, isingemruhusu. "Lipi bora?"

"Bora kwa kitu gani?"

"Kwa jumla."

"Kwa jumla hakuna. Otomatiki ina kasi zaidi. Ile yako ina klachi mbili ndani, moja imeshika gia unayotumia, nyingine imeshaiandaa inayofuata. Baba hawezi kuishinda, wewe huwezi, mimi siwezi. Hilo limepimwa."

"Mwambie basi!"

"Nimemwambia. Akaniuliza kama kompyuta yangu imepima pia anavyojisikia. Nikamwambia hapana. Akasema basi kipimo hakijaisha. Kanyaga klachi."

Igsaan alikanyaga klachi. Akaiachia. Gari likaruka kama limeumwa na nyuki, likazima.

"Mtu mwenye digrii," alisema Rugaya.

"Usinicheke, mpenzi, naumwa goti."

Lakini alimcheka, na yeye akacheka, na gari likazima mara nyingine kwa sababu mguu wa mtu anayecheka hautulii. Walizima gari lile mpaka betri ikachoka. Wiki ya pili lilikuwa halizimi. Wiki ya tatu Igsaan alikuwa amejifunza hata kukanyaga breki kwa kidole huku kisigino kikichokoza mafuta, ili injini ipande kidogo na gia ya chini iingie bila gari kushtuka. Siku alipofaulu mara ya kwanza, alifungua mlango, akatoka, akalizunguka gari zima akikimbia huku mikono iko juu, akarudi, akafunga mkanda.

"Umeisikia ile?"

"Nimeisikia."

"Haikusema kitu! Imeingia kama kijiko kwenye maziwa ya mgando!"

Rugaya alikuwa amebadilisha maelfu ya gia kwenye kompyuta bila hata moja kumfanya mtu akimbie hivyo. Aliliona jambo hilo, akaliweka moyoni.

Jumamosi ya mtihani walifika uwanjani asubuhi, nje kidogo ya mji, mlima ukiwa na wingu lake bapa juu na upepo ukirusha mchanga. Ilikuwa siku ya wazi: yeyote mwenye gari na kofia ngumu huruhusiwa kuingia kwa zamu. Wao walichukua kipindi cha familia, ambacho ndani yake mtu haruhusiwi kupita gari la mwingine. Moeniba alibaki nyumbani. Alisema hawezi kutazama, na kwamba simu yake iko mkononi.

Kabla ya kuanza, Igsaan aliweka sharti lake.

"Boeta, nikimaliza, na wewe utalizungusha langu. Mzunguko mmoja."

"Nikishaona umemaliza, hata mkokoteni nitauzungusha."

"Nimalize au nisimalize."

Sedick alimpima kwa macho. "Kijana ana ubishi," alimwambia Rugaya, na ilikuwa vigumu kujua kama ni lawama. "Haya. Nimekubali."

Mwamuzi alikuwa Rugaya, ndani ya gari, kiti cha abiria. Baba yake alimtaka kwa sababu masikio yale aliyafundisha mwenyewe. Igsaan alimtaka kwa sababu hajawahi kumsikia akisema uongo hata wa adabu. Siku ya kwanza mezani kwa mama yake Igsaan, alipoulizwa biriani ikoje, alisema chumvi imezidi.

Gari jekundu likaondoka laini. Igsaan alikuwa na jasho puani lakini mikono imetulia. Ya kwanza, ya pili pole kabisa, ya tatu. Kona ya mkono wa kulia, nzuri. Ya nne kwenye mnyoofu, ile sehemu ya njia isiyo na kona, injini ikaimba, na Rugaya akajikuta anatabasamu ndani ya kofia. Kisha ikaja kona kali ya mwisho, ile inayogeuka kama kiwiko. Breki. Ya tatu, safi. Kisigino kikagusa mafuta, injini ikapanda, klachi chini, mkono ukavuta kwenda ya pili.

Krrrk.

Gia iliingia. Gari likageuka, likafika mwisho, halikuzima. Lakini krrrk ilikuwa imeshatoka, na Igsaan alizima injini akakaa akitazama mbele.

"Labda hakusikia," alisema. "Kuna upepo."

"Mimi nimesikia," alisema Rugaya.

Sedick alikuwa amesimama kwenye ukuta, mikono nyuma. Rugaya alimwendea.

"Halikuzima," alisema. "Alikwaruza mara moja. Kuingia ya pili, kona ya mwisho."

Baba yake hakufurahi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi: alikunja uso kama mwalimu ambaye mwanafunzi amemharibikia hatua mbili kutoka mwisho. "Kona zote alizipiga vizuri," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kumhesabia." Kisha akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nimeapa, mwanangu."

"Najua, Baba."

Igsaan alileta ufunguo wa gari la kijivu, akampa mzee, akaenda zake upande wa kibanda cha chipsi. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji.

Sedick angeweza kuahirisha, lakini ahadi ni ahadi. Akajipachika kwenye gari la kijivu, Rugaya kando yake. Alikataa katakata kuliachia libadilishe gia lenyewe. "Kuna vijiti hapa nyuma ya usukani, si ndiyo? Nitachagua mimi."

Wakatoka kwa ya kwanza. Sedick akavuta kijiti kuingia ya pili, na mguu wake wa kushoto, ambao kwa miaka thelathini na zaidi haujawahi kukaa bure, ukashuka kutafuta klachi.

Klachi haikuwapo. Breki ilikuwapo, pana kama kiatu.

Pu! Gari likasujudu. Pu! Likasujudu tena. Vichwa vyao vikaenda mbele na kurudi, mbele na kurudi.

"Lahaula!" alisema Sedick. "Lina nini hili?"

"Mguu, Baba. Wa kushoto."

"Mguu gani? Mimi sijagusa kitu!"

Akavuta ya tatu. Pu! Gari la familia lililokuwa nyuma yao likapiga honi ndefu. Sedick akaukunja mguu chini ya kiti akaubana kwa kisigino cha mwenzake kama mtu anayebana kuku, na hapo, kwenye mnyoofu, kwa mara ya kwanza akakanyaga mafuta mpaka chini.

Gari likaondoka. Ya nne ikaingia bila pengo lolote, sauti haikukatika, mgongo ulibaki umebanwa kwenye kiti, na kutoka kwa mwalimu mstaafu wa udereva ikatoka sauti ambayo Rugaya hakuwahi kuisikia nyumbani, nyembamba, ya mtoto anayesukumwa kwenye bembea.

"Hiiiii! Limebadilisha?"

"Limeshabadilisha!"

"Lini?"

"Ulipouliza!"

Alicheka mpaka kona ya mwisho. Akafunga breki, akavuta ya tatu kwa utulivu, mguu umetii. Akavuta ya pili. Mguu ukaponyoka.

Pu! Pu!

Rugaya aliacha kucheka. Ya tatu, mara moja. Ya pili, mara mbili. Na ile ya kwanza kabisa, walipotoka, ilikuwa ya pili pia, na ilikuwa mara mbili. Kitu kinachotokea mara moja ni bahati mbaya. Kinachotokea hivyo hivyo kila mara, kina sababu.

Walipoegesha, baba yake alikuwa anapangusa machozi. "Gari zuri," alisema. "Zuri sana. Tatizo lake, halina haja na mimi."

"Baba, nipe ufunguo wa jekundu."

"Wa nini?"

"Nipe tu. Kaa kando yangu. Hatuendi mbali."

Labda ni kile kicheko kilichomlegeza, maana alimpa. Nyuma ya vibanda kulikuwa na njia ndefu ya lami isiyo na mtu. Rugaya alipandisha mpaka ya tatu, akashusha kwenda ya pili jinsi alivyofundishwa na mtu aliyeketi kando yake: breki, kisigino, klachi mara moja.

Krrrk.

"Umekwaruza!" alisema Sedick, na mshtuko wake ulikuwa wa kweli. "Wewe!"

"Ndiyo. Sasa sikiliza hii." Akapandisha tena. Safari hii alikanyaga klachi akatoa gia, akaachia, akagusa mafuta, akakanyaga tena ndipo akaingiza. Ya pili ikaingia kimya. Alirudia vyote viwili, mara moja na mara mbili, na majibu yakawa yaleyale. Kisha akasimamisha gari na kumpisha baba yake kwenye usukani.

"Endesha kama kawaida yako. Ukiingia ya pili, tazama mguu wako."

Sedick aliendesha. Mguu ukashuka, ukapanda, ukashuka. Alisimamisha gari katikati ya njia na kuutazama mguu ule kwa muda, kama mtu aliyegundua mpangaji katika chumba alichodhani ni kitupu.

"Nimeanza lini?"

"Sijui. Ile pete ya shaba ndani ya giaboksi, inayolinganisha mwendo kabla meno hayajashikana, imekwisha. Haikuisha siku moja. Ilivyokuwa ikiisha kidogo kidogo, mguu wako nao ukawa unaifidia kidogo kidogo. Gari limeumwa, wewe umeuguza, hamjaambiana."

"Kwa hiyo hakuna mtu ambaye angeweza..."

"Isipokuwa wewe. Na hata wewe hukujua unafanya nini."

"Na kijana?"

"Alifanya nilichomfundisha. Ulichonifundisha."

Rugaya alijua asimsukume. Alikuwa ameshaweka mezani kila alichonacho, na hapakuwa na cha kuongeza. Baba yake alisugua kidevu, na alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya kazini, ile ya ubao na chaki.

"Mwanafunzi akipelekwa kwenye mtihani, gari likaonekana bovu, tunaandika nini?"

"Nimesahau, Baba."

"Tunaandika kwamba mtihani haukufanyika. Hakufeli, hakufaulu. Hakuna mtihani!" Alikuwa tayari anafungua mlango. "Yuko wapi? Kipindi kinafungwa sasa hivi! Yuko wapi huyu mtoto?"

Alikimbia. Mzee wa miaka sitini na saba, makubadhi miguuni, upepo umemjaza shati kama puto, akikata katikati ya magari yaliyopanga foleni. Igsaan alikuwa ameketi juu ya ukingo wa saruji mbele ya kibanda, na mkate mrefu uliojaa chipsi na nyama, ambao kwa kawaida hugawanywa kwa watu wanne, alikuwa anaumalizia peke yake.

"Inuka!"

"Boeta, kwanza samahani kwa yale ya simu ya kuzungusha..."

"Inuka, nasema! Futa mikono! Mikono ya mafuta haishiki gia yangu!"

Mwanamke mwenye bendera alisema wamebakiza mzunguko mmoja. Wakaingia wote watatu kwenye gari jekundu. Sedick alijikunja kiti cha nyuma, magoti karibu na masikio, kofia ngumu imemkaa kama sufuria. Kwenye foleni Rugaya alieleza haraka: kanyaga, toa gia, achia, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza. Kwa ya pili tu. Igsaan alirudia maneno yale kwa midomo kama anayehifadhi sura ya Kurani.

"Sijawahi kufanya hivyo," alisema.

"Hata mimi, kwa kujua, mpaka leo," alisema Sedick kutoka nyuma. "Ondoka."

Wakaondoka. Ilipofika kuingia ya pili, sauti ikalipuka nyuma ya shingo ya Igsaan: "Mbili!" Mguu ukashuka, ukapanda, ukashuka. Kimya. Gia imeingia.

"Imeingia!" alipiga kelele Igsaan.

"Nimesikia kwamba sijasikia! Tazama mbele!"

Ya tatu. Kona ya kulia. Ya nne. Mnyoofu, injini ikiimba, Rugaya ameshika mpini wa mlango huku akicheka kwa sababu baba yake alikuwa akimpiga Igsaan begani kila alipotaka aongeze mwendo, kama mtu anayemhimiza punda. Kona ya kulia. Na mbele yao ile kona ya kiwiko.

Igsaan akafunga breki. Ya tatu, safi. Rugaya alingoja sauti kutoka nyuma. Haikutoka. Aligeuka: baba yake alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka. Mtihani ni mtihani, mwalimu haneni.

Mguu wa Igsaan ukashuka. Ukapanda. Injini ikainuka kidogo. Mguu ukashuka.

Wote watatu wakasikiliza, na hapakuwa na cha kusikia.

Gari likatoka kwenye kona. Nyuma, Sedick aliachia pumzi na kupiga dari kwa ngumi, mara ya pili, ya tatu. "Umeona? Umeona mkono ule? Huyo ndiye mkwe wangu huyo! Rugaya, mpigie mama yako! Mwambie Jumamosi iko palepale!"

Rugaya alikuwa tayari na simu mkononi, spika wazi, na kilio cha furaha cha Moeniba kilisikika mpaka kiti cha nyuma. Mbele yao bendera ya kumaliza ilikuwa inapepea na njia ya kutokea imefunguliwa upande wa kushoto. Igsaan akaweka kiashiria.

"Unakwenda wapi?" alisema Sedick.

"Natoka, Boeta. Uliapa mzunguko mmoja."

"Kiapo kimekwisha pale nyuma. Huu ni wa raha. Pita!"

"Boeta, bendera!"

"Mimi sioni bendera yoyote. Rugaya, wewe unaona bendera?"

Rugaya aliitazama bendera, nyeusi na nyeupe, pana, na mwanamke aliyeishika akianza kuruka-ruka. Igsaan naye alikuwa anamtazama yeye, akingoja.

"Sioni," alisema Rugaya.

Igsaan akazima kiashiria, akakanyaga mafuta.

"Mbili!" akapaza sauti Sedick, ingawa walikuwa wanaingia ya tatu.